Mgonjwa wa mabingwa watatu ni wa nani?

Moshi si mji wenye njaa ya hospitali. Mkazi wa mtaa wa Soweto akiugua ana pa kuchagua. Hospitali ya Mtakatifu Joseph ipo hapohapo Soweto. Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni mwendo mfupi wa bajaji. KCMC, iliyofunguliwa Machi 1971 na ambayo sasa ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, ina daladala zake, na kondakta akiita "KCMC" hakuna anayeuliza ni wapi. Ukipandisha mlimani utazikuta Kibosho, Machame, Kilema na Marangu, na ukizunguka hadi Rombo ipo Huruma. Ipo mikoa katika nchi hii ambayo ingefurahia kupata nusu ya hizo.

Nayataja haya mapema ili msomaji asidhani nimekuja na kilio kilichozoeleka cha majengo na vitanda. Vitanda havitoshi, hilo linajulikana. Kinachonisumbua mimi ni kitu kingine. Mabingwa tumeanza kuwapata: wa moyo, wa figo, wa macho, wa mifupa, wa sukari. Ila mabingwa hao wanamtibu mtu mmoja kana kwamba ni watu watano, na kazi ya kuwaunganisha wamemwachia mgonjwa mwenyewe, ambaye ndiye mwenye elimu ndogo kuliko wote katika jambo hilo, na ndiye anayeumwa.

Chukulia mama wa miaka 67 anayeishi Soweto. Ana kisukari kwa miaka kadhaa, ana presha, na magoti yanamuuma kwa sababu ujana wake wote alipanda na kushuka vilima vya Uru na ndizi kichwani. Kwa sukari anahudhuria kliniki ya hospitali moja. Kwa presha anakwenda nyingine, maana huko ndiko alikogunduliwa siku alipoanguka. Kwa magoti, mwanawe aliyeko Dar amemlipia amwone bingwa wa mifupa kwingine kabisa. Madaktari wote watatu ni hodari. Wa presha amempa losartani pamoja na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Wa mifupa amempa diklofenaki. Wa sukari amempa metformini. Mkaguzi yeyote akikichukua cheti kimoja kimoja hataona kosa.

Sasa zitazame dawa hizo zikiwa ndani ya mwili mmoja. Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo, na kila kichujio kina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Msukumo ukipungua, figo hulegeza mlango wa kuingilia na kubana wa kutokea ili kazi iendelee. Diklofenaki inauzuia mlango wa kuingilia usilegee. Losartani inauzuia wa kutokea usibane. Kidonge cha maji nacho kimeshapunguza kiasi cha damu kinachofika. Mama huyu akiwa mzima anaweza kwenda hivyo kwa miezi bila kujua kitu. Siku akiharisha, figo zake zinabaki hazina ujanja wowote wa kujiokoa. Na zikidhoofu, metformini ambayo hutolewa nje kupitia figo hizohizo inaanza kujikusanya mwilini. Daktari wa sukari hana habari, kwa sababu kipimo cha figo, kreatinini, alichokiona ni cha mwaka jana.

Nani kakosea hapo? Ukimwita kila daktari mbele ya kamati ya maadili, atatoka salama. Hatari ilikuwa katikati yao, mahali ambapo hakuna aliyeajiriwa kukaa.

Wala huyu mama sikumtunga ili kutisha watu. Utafiti uliofanywa kwenye kaya za mkoa wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta watu wazima 7 katika kila 100 wakiwa na ugonjwa sugu wa figo. Kilichonishtua zaidi ni tofauti ya mji na kijiji: mjini walikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2.0. Kati ya waliokutwa na ugonjwa huo, waliokuwa wakijua ni kama mmoja katika kumi. Wilayani Hai nako, watafiti waliowapima presha wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi waliikuta kwa karibu 70 katika kila 100. Vijana wetu wapo Dar na Arusha. Waliobaki kwenye kihamba ni wazee. Mzee wa Kilimanjaro mwenye ugonjwa mmoja peke yake ni wa kutafuta kwa tochi.

Na mambo hayaishii kwenye vidonge. Kliniki ya sukari inamwambia mama apunguze ugali mweupe, ale maharage na mboga za majani kwa wingi. Figo zikianza kushindwa na potasiamu kupanda kwenye damu, atakutana na mshauri wa lishe wa kliniki ya figo, naye atamwambia apunguze maharage, apunguze parachichi, na apunguze ndizi. Ndizi, katika nchi ya Wachagga! Yapo maelewano hapo: ndizi zikimenywa, zikakatwa, zikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Lakini mtori, supu ya ndizi, haumwagwi maji. Maji ndiyo mtori. Kwa hiyo mtu anatakiwa akae na mama huyu, ajue anapika nini, ajue kipimo chake cha potasiamu kimesomaje mwezi huu, kisha amwambie neno moja linalotekelezeka. Akiambiwa maneno mawili yanayopingana atafanya ambacho binadamu wote hufanya: atafuata lililo rahisi, au atayaacha yote mawili na kwenda kwa muuza dawa za mitishamba ambaye angalau hajipingi.

Siku moja nilimsindikiza shangazi yangu kliniki, katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa unazotumia sasa ni zipi?"

Shangazi hakujibu. Alifungua mkoba akamwaga mezani vibahasha vya duka la dawa, vile vidogo vya karatasi vilivyoandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x2, 1x3, 1x1 usiku. Kwenye baadhi yake jina la dawa lilikuwa limefutika, zimebaki hesabu hizo tu. Daktari akaanza kuvipanga kama mtu anayepanga karata.

"Hii nani alikuandikia?"

"Wa macho. Au wa miguu. Mwanangu, wote walivaa koti jeupe."

Vibahasha viwili vilikuwa na dawa ileile ya presha kwa majina mawili ya viwanda viwili. Shangazi alikuwa akimeza vyote kwa uaminifu mkubwa. Daktari aliligundua hilo kwa sababu alikuwa na subira, na foleni siku hiyo ilikuwa fupi. Huo ndio mfumo wetu wa kuunganisha matibabu: subira ya kijana mmoja na urefu wa foleni.

Kumbukumbu za mgonjwa wa kawaida zinasafiri kwenye daftari la shule, kwenye bahasha ya kaki, na zamani kwenye mfuko wa rambo, mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. (Rambo ilikuwa na faida moja: cheti hakikulowa mvua ya masika.) Hospitali zina kompyuta, ndiyo, tena siku hizi masjala za mafaili ya karatasi zinafungwa moja baada ya nyingine. Lakini hapa Moshi wenye hospitali ni tofauti: Mawenzi ni ya serikali, Mtakatifu Joseph ni ya Kanisa Katoliki, KCMC ni ya Shirika la Msamaria Mwema lenye mizizi kwenye Kanisa la Kilutheri. Mgonjwa anahama kati ya hizo tatu kufuata fedha zake. Mzee asiyejiweza mwenye msamaha wa matibabu atakwenda dirisha la wazee la hospitali ya serikali. Mwenye bima atakwenda kwingine. Na mtoto akituma hela kutoka Dar, mzee atakwenda mahali pa tatu. Taarifa zake hazimfuati.

Waswahili walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na wapo watakaoniambia kwamba dawa ni kupunguza manahodha. Sikubaliani. Goti lililokwisha linataka bingwa wa mifupa, na jicho lililoingia damu linataka wa macho. Daktari mmoja wa kila kitu hawezi kuyafikia hayo kwa kiwango tunachokitaka leo. Chombo chetu kinakwenda mrama kwa sababu usukani hauna mtu. Kila nahodha amesimama upande wake akiangalia bahari yake.

Na tusijifanye kwamba hatujui namna ya kulitatua. Tanzania ina historia ndefu ya jambo hili kuliko nchi nyingi zinazotufundisha. Kibong'oto, kule Siha upande wa magharibi wa mlima, imewapokea wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Mwaka 1977 taifa lilianzisha Mpango wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na daktari Karel Styblo akishirikiana na wataalamu wetu akajenga hapa utaratibu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliusambaza ulimwengu mzima kwa jina la DOTS. Ukiuangalia kwa karibu, utaratibu ule haukuwa na maajabu ya sayansi. Dawa zilikuwepo. Jipya lilikuwa kadi ya mgonjwa, rejesta ambayo kila mtu ana mstari wake, na mratibu wa wilaya anayejua ni nani hakuja kuchukua dawa wiki hii. Mgonjwa alikuwa na mtu wa kuulizwa habari zake.

Virusi vya Ukimwi vilipokuja na kuwabeba wagonjwa hao hao wa kifua kikuu, palitokea lile tunaloliona leo kwenye sukari na presha: kliniki mbili, mafaili mawili, mtu mmoja anayekohoa katikati. Mpango wa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004, na taratibu pande mbili zikalazimishwa kuonana. Leo kliniki ya kifua kikuu inampima mgonjwa VVU bila kungoja aombe, na kwenye kliniki ya tiba na matunzo, ile watu wanaiita CTC, mtu anaulizwa habari za kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito kila anapohudhuria. Hata mgongano wa dawa umeshapatiwa kanuni. Rifampisini ya kifua kikuu inaharakisha ini kuisaga dolutegravir ya VVU, kwa hiyo mgonjwa anayetumia zote mbili hupewa dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya moja. Hakuna anayemwambia mgonjwa "kamuulize daktari wako wa upande ule". Imeandikwa kwenye mwongozo, na muuguzi wa zahanati anaijua.

Rifampisini hiyohiyo inazipunguza nguvu pia dawa kadhaa za sukari na za presha. Je, muuguzi wa zahanati ana kanuni ya hilo? Mgonjwa wa sukari anayepata kifua kikuu, na wenye sukari hukipata kwa urahisi kuliko wengine, sukari yake ikipanda katikati ya matibabu ataambiwa amekula wali.

Kwa nini upande mmoja uliwezekana na mwingine bado? Hapa inafaa kusema wazi. Ukimwi na kifua kikuu vilikuwa na wafadhili, na mfadhili akitoa fedha anataka rejesta. Sukari na presha hazina mfadhili wa namna hiyo. Mwaka 2025 tuliona Wamarekani walivyoweza kusimamisha misaada kwa kalamu moja, kwa hiyo sishauri tukae tukimsubiri mfadhili wa figo. Ila kadi na rejesta zenyewe ni za kwetu, na hazigharimu mabilioni.

Mlimani pia tuna mfano ambao hausifiwi inavyostahili. Tangu mwaka 2010 idara ya macho ya KCMC imekuwa ikiendesha mpango wa kuwafuata wagonjwa wa kisukari kwenye kliniki zao za sukari, mkoani kote, na kamera ya kupiga picha ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho. Sukari huharibu mishipa ya pazia hilo kimyakimya. Hakuna maumivu, na mtu anaona vizuri mpaka siku anapoamka na wingu jeusi. Ukimwambia mtu anayeona vizuri apande daladala akatibiwe macho, atakuitikia kwa heshima na hataenda. Kwa hiyo kamera ndiyo inayomfuata yeye, siku ileile aliyokuja kwa ajili ya sukari. Katika miaka ya mwanzo walipigwa picha watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya robo yao walikutwa na madhara kwenye retina. Pengo likabaki mahali palepale tunapopajua: kati ya kupigwa picha, kupata jibu, na kufika kwa bingwa kutibiwa. Ndiyo maana watafiti wa hapo wamekuwa wakijaribu akili unde iisome picha papo hapo, mgonjwa apewe jibu kabla hajaondoka. Navutiwa nayo, lakini ninachokisifu zaidi katika mpango huu hakihitaji kompyuta: bingwa wa macho alikubali kwamba mgonjwa ni wa kliniki ya sukari, naye ni mgeni pale.

Hilo la nani mwenyeji na nani mgeni ndilo kiini cha mambo, na Waingereza walilipitia kabla yetu. Katika mji wa Hastings, miaka ya 1950 na 1960, daktari wa mifupa Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine walichoka kuona vikongwe waliovunjika nyonga wakiunganishwa mifupa vizuri kisha wakifa kwa nimonia, kwa moyo au kwa kuchanganyikiwa. Wakaanza kuwatibu pamoja, wodi moja, raundi moja. Wazo lilikuwa zuri, likasifiwa, na kwa miongo mingi hospitali nyingi hazikulifuata. Kilichowaamsha ni fedha na hesabu. Mwaka 2007 wakaanzisha rejesta ya taifa ya mivunjiko ya nyonga. Mwaka 2010 serikali ikasema hospitali italipwa zaidi kwa kila mgonjwa wa nyonga aliyepasuliwa ndani ya saa 36 na kuhudumiwa kwa pamoja na daktari wa upasuaji na daktari wa wazee. Vifo ndani ya siku 30, vilivyokuwa asilimia 10.9 mwaka 2007, vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 8.5 ilipofika 2011. Madaktari hawakugeuka malaika katika miaka hiyo minne. Mazungumzo yao yaliwekewa bei.

Sisi bei hiyo hatuna. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, kwa sehemu kubwa unalipia kitendo: kumwona daktari, kipimo, dawa, upasuaji, siku ya kulala. Bingwa akitumia nusu saa kumpigia simu mwenzake wa hospitali nyingine kuhusu mama wa Soweto, nusu saa hiyo haina msimbo. Akimrudisha mama kesho kutwa kwa mahudhurio mapya, hospitali inalipwa. Kisha tunashangaa kwa nini watu wanapigwa danadana. Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipotangazwa, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa mfuko, na nchi nzima ikabishana kuhusu bei za vipimo na dawa. Mimi niliufuatilia ubishi ule kwa karibu, na sikumsikia mtu wa upande wowote akidai malipo ya daktari kuzungumza na daktari.

Si kwamba hawazungumzi kabisa. Wanazungumza sana, kwenye WhatsApp. Picha ya eksirei inapigwa kwa simu, inarushwa kwenye kundi, na bingwa aliyeko Muhimbili anajibu akiwa kwenye foleni ya magari Ubungo. Maisha ya watu yameokolewa hivyo na sitaki kuwabeza wanaofanya hivyo usiku bila senti. Lakini ushauri huo hauingii kwenye faili, hauna mwenye kuwajibika nao ukigeuka mbaya, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mgonjwa yenye jina lake ikizunguka kwenye simu za watu 40 ni jambo ambalo hospitali inapaswa kuliogopa.

Serikali nayo tangu Mei 2024 imekuwa ikipeleka Madaktari Bingwa wa Samia kwenye hospitali za halmashauri, wakikaa siku chache katika kila hospitali. Wananchi wamejitokeza kwa maelfu, na ni haki yao. Kuna waliokuwa hawajawahi kumwona bingwa wa wanawake au wa watoto maishani. Nina swali moja tu kuhusu kambi hizo. Gari likiondoka Ijumaa, yale maelekezo ya bingwa kuhusu dawa mpya anabaki nayo nani? Kama anabaki nayo daktari wa hospitali ile, aliyekaa kwenye kiti pembeni ya bingwa wiki nzima, basi kambi imeacha kitu. Kama yamebaki kwenye daftari la mgonjwa, tumerudi kwenye vibahasha.

Msimamo wangu basi ni huu. Mgonjwa mwenye zaidi ya ugonjwa mmoja sugu apewe daktari mmoja mwenye dhamana naye, na daktari huyo asiwe bingwa. Awe daktari wa kawaida wa hospitali iliyo karibu na nyumbani, au tabibu wa kituo cha afya cha Majengo au Pasua. Najua hili litawaudhi watu wa pande mbili.

Litawaudhi mabingwa, kwa sababu utamaduni wa hospitali zetu ni ngazi, na rufaa ni kupanda. Barua ya rufaa ya kwenda juu imejaa mihuri; ya kurudi chini mara nyingi haipo, au ni mistari miwili: "Aendelee na dawa. Arudi baada ya miezi mitatu." Arudi wapi? Kwa bingwa. Aliyemtuma hajulishwi chochote. Ninachokiomba kinamtaka bingwa amwandikie daktari mdogo kuliko yeye, amweleze kwa nini amebadilisha dawa, na amwombe, si amwamuru, afuatilie kreatinini baada ya wiki mbili. Nimewaona mabingwa wanaofanya hivyo na hawajapungukiwa hadhi.

Litawaudhi wagonjwa pia. Mchagga mwenye uwezo kidogo akisikia kifua kinabana haendi Pasua. Anakwenda KCMC, na ukimrudisha anaona umemdharau. Imani hiyo haiwezi kufutwa kwa semina. Itafutika siku atakapokwenda kituo cha jirani akakuta daktari anajua bingwa wa figo alisema nini wiki iliyopita, na akaona mwenyewe kwamba hahitaji kurudia hadithi yake tangu mwaka 2009. Mtu akikutana na hali hiyo mara mbili, ataacha kupanda daladala ya KCMC kwa ajili ya kuandikiwa amlodipini ya presha.

Kuna hoja ya tatu, ambayo ni nzito kuliko hizo: madaktari wa chini wamezidiwa. Ni kweli. Lakini hesabu hiyo ifanywe yote. Mama wa Soweto anahudhuria kliniki tatu, anapimwa sukari mara tatu kwenye mashine tatu, anapigwa eksirei ya goti lililopigwa picha mwezi uliopita kwa sababu picha ilibaki kwa mwanawe. Muda huo wote ni wa madaktari na wauguzi haohao tunaosema wamezidiwa. Na wapo watu tusiowatumia. Mfamasia ndiye mtu ambaye vyeti vyote vitatu vinaweza kupita mikononi mwake, tena amesomea migongano ya dawa kuliko daktari yeyote. Tumemgeuza mtu wa kuhesabu vidonge nyuma ya dirisha lenye nondo. Mpe haki ya kusimamisha diklofenaki kwa mgonjwa wa losartani mpaka ampigie simu aliyeiandika, na ajali nyingi zitaishia dirishani hapo. Katika maduka ya dawa ya mtaani, ambako Diclopar, yenye diklofenaki ndani yake, inauzwa kama pipi, kazi itakuwa ngumu zaidi, sikatai.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kazi ya kupanga kinacholipiwa na kisicholipiwa haitakwisha leo. Huko ndiko malipo ya daktari mwenye dhamana yanapotakiwa kuingizwa: kiasi fulani kwa mwaka kwa kila mgonjwa mwenye magonjwa mawili sugu au zaidi, kinacholipwa endapo tu orodha yake ya dawa imepitiwa na kipimo chake cha figo kimefanyika.

Hapa Moshi hatuna sababu ya kungoja. Wakuu wa Mawenzi, Mtakatifu Joseph na KCMC wanaweza kukaa siku moja na kukubaliana karatasi moja ngumu, ya kukunjwa mara mbili, inayoingia kwenye pochi ya kitambulisho. Ndani iwe na magonjwa ya mtu, dawa zake zote kwa majina halisi na si ya viwanda, kreatinini ya mwisho na tarehe yake, tarehe ya mwisho ya kupigwa picha ya retina, na dawa asizotakiwa kupewa. Kila daktari atakayebadilisha dawa aandike humo na kusaini, awe profesa au intani. Juu kabisa pawe na mstari wa jina la daktari mwenye dhamana na namba ya simu ya kliniki yake, na dirisha la dawa lisitoe kitu kwa kadi ambayo mstari huo uko wazi.